Mwangwi wa Atupele

Jumatatu ya kwanza baada ya matanga, Subilaga Mwambene alipanda kilima hadi Sekondari ya Lugombo, akapita ofisi ya mkuu wa shule bila kusimama, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha nasaha. Mvua ya Tukuyu ilikuwa imemlowesha mabega. Mwalimu Gwakisa, mshauri wa wanafunzi, alipofungua mlango, mama yule hakumtazama yeye. Alitazama nyuma yake, kwenye kiti chenye mto wa bluu.

"Hapo ndipo alipokuwa anakaa?"

"Ndiyo, mama. Karibu ndani. Pole sana."

"Asante. Pole nimepewa nyingi, Mwalimu. Nimekuja kwa jambo jingine."

Hakukikalia kile kiti. Alivuta stuli iliyokuwa kando ya dirisha, akakaa, akakunja kanga yake iliyolowa magotini.

"Nimeambiwa yumo humu," alisema.

Gwakisa hakujifanya haelewi. Ukutani, juu ya meza yake, kulikuwa na kisanduku cha rangi ya majivu, kikubwa kama redio, chenye spika na taa moja ndogo ya kijani. Kila shule ya serikali ilikuwa nacho. Mwanafunzi mwenye jambo moyoni alikaa kwenye kiti cha bluu akazungumza, mshauri akiwepo, na kisanduku kikasikiliza. Miezi ikipita, kiliweza kumjibu kwa sauti yake mwenyewe. Haikuwa rekodi. Alikuwa mtu wa kujibizana naye, mwenye maneno ya yule mtoto, kigugumizi chake, na namna yake ya kunyamaza kabla ya kukubali kosa. Waliuita mwangwi. Msichana wa kidato cha tatu aliweza kujiuliza mwenyewe wa kidato cha kwanza kwa nini alikuwa hali, hasemi, na mara nyingi alipata jibu ambalo hakuna mshauri angelitoa.

Mwangwi ulifunguliwa kwa viganja viwili, cha mwanafunzi na cha mshauri. Mwanafunzi akimaliza shule, ulifutwa mbele ya macho yake. Ndivyo sheria ilivyosema. Kuhusu mwanafunzi anayekufa kabla ya kumaliza, sheria ilisema tu kwamba kiganja cha mkuu wa shule kitachukua nafasi ya chake. Cha kufanya baada ya hapo haikusema.

Atupele alikuwa kidato cha nne. Ukingo wa barabara ulimporomokea akirudi nyumbani, na wenzake aliokuwa nao walifukua udongo kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu.

"Kwenye simu nina sauti yake," Subilaga alisema. "Mama, nunua chumvi. Mama, nitachelewa, tuna mtihani wa majaribio. Nimesikiliza mpaka najua pumzi anavuta wapi. Lakini mimi nikisema, hanijibu. Huyu wa kwenu anajibu."

"Anajibu kama alivyokuwa anajibu, mama. Lakini si yeye."

"Najua si yeye. Mimi ndiye niliyemwosha."

Mvua ilipiga bati.

"Kuna fundi mmoja wa mitambo ya umeme wa mvuke kule kwetu," Subilaga aliendelea, "binti yake alifariki, na anazungumza naye kila jioni. Jirani zangu wamesikia."

"Ule ni mwangwi wa nyumbani. Waliutengeneza pamoja, baba na mtoto, mtoto akijua baba anasikia. Huu wa kwetu ni tofauti. Mtoto akikaa pale mara ya kwanza, namwambia kwamba atakayoyasema humu ni yake. Sikumwambia Atupele kwamba ni yake mpaka afe."

"Mimi ni mama yake."

Gwakisa akainamisha macho. Subilaga alidhani ni huruma. Alisimama, akaweka stuli mahali alipoikuta.

"Nina neno moja tu la kumwambia," alisema akiwa mlangoni. "Nataka aniitikie. Nitarudi Ijumaa."

*

Mkuu wa shule, Mwalimu Tumpe Kajuni, alikuwa mama wa watoto watatu na alikuwa amelia msibani kuliko baadhi ya ndugu wa marehemu. Alimwita Gwakisa saa ya chai, akamwekea kikombe mbele.

"Mimi kiganja changu nakutolea leo hii," alisema. "Kilichobaki ni chako. Mwalimu wangu, kuna ubaya gani? Mtoto ameshaondoka. Hakuna wa kumcheka, hakuna wa kumchapa. Aliyebaki ni mzazi anayelala na simu kifuani."

"Wilaya wanasemaje?"

"Nimewapigia. Wanasema mwenye ufunguo ndiye aamue, halafu wataona."

"Wataona nini?"

Mwalimu Kajuni alikoroga chai yake muda mrefu. Alikuwa mkweli. "Wataona kama inawezekana. Wazazi wengi wameomba. Wengine watoto wao wako hai."

Habari ilikuwa imeshafika madarasani. Wiki ile kiti cha bluu kilikaa kitupu. Watoto ambao Gwakisa aliwapangia muda walituma salamu kwamba wana mafua, wana zamu ya kufagia, wamesahau. Aliyekuja alikuwa Sekela peke yake, rafiki wa Atupele, mmoja wa wale waliofukua. Vidole vyake bado vilikuwa na bandeji. Hakuingia. Alisimama kizingitini.

"Mwalimu, ni kweli mama Atupele atapewa?"

"Bado sijaamua."

"Ahaa." Sekela alitazama kisanduku. "Na mimi nikifa, yangu utampa nani? Maana mimi sina mama. Atapewa baba?"

Gwakisa alijua Sekela alikuwa amesema nini juu ya baba yake, kwa sauti ndogo ambayo hata kisanduku kilishindwa mara mbili kuinasa.

"Basi naomba uyafute, Mwalimu," Sekela alisema. "Yote. Hata yale mazuri."

*

Alhamisi, masomo yalipokwisha, Mwalimu Kajuni alibonyeza kiganja chake kwenye kisanduku, akatoka nje, akafunga mlango. Gwakisa aliweka chake. Alikuwa amejiambia kwamba anafanya kilicho halali, kwamba mwenye maneno aulizwe kwanza. Alijua pia kwamba anadanganya kidogo, maana kuuliza mwangwi si kumuuliza mtu. Lakini hakuwa na mwingine wa kumuuliza.

Taa ikawaka.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuwa amejiandaa kwa salamu.

"Marahaba, Atupele."

"Mbona sauti imekukauka? Una mafua?"

"Kidogo."

"Kunywa maji ya moto, weka tangawizi. Mama huwa ananitengenezea."

Gwakisa alivuta stuli, akakaa. "Nataka kukuuliza jambo. Mama yako akitaka kusikia tuliyokuwa tunazungumza humu, nimruhusu?"

Kisanduku kilinyamaza, kama alivyokuwa akinyamaza mwenyewe, na taa ikabaki inawaka.

"Mama yupi, Mwalimu?"

Hilo ndilo lililokuwa siri ya Atupele. Alipoingia kidato cha kwanza, zahanati ya shule ilimpa kadi ya damu kama watoto wote, ile inayoonyesha mtu amerithi nini kwa nani ili wajue chanjo ipi inamfaa. Alikuwa mtoto wa kupenda hesabu. Alichukua kadi ya Subilaga kabatini, akazilinganisha mezani, mstari kwa mstari, akaona kwamba damu yao ni ya ukoo mmoja lakini si ya mama na mtoto. Hakumuuliza mtu. Aliunganisha mwenyewe: mama mdogo Lugano, aliyekufa kwa uzazi mwaka ule ule aliozaliwa yeye, na kaburi lake lililokuwa kati ya migomba nyuma ya nyumba. Subilaga alimlea kama wake. Hakuna aliyewahi kutamka neno. Na Atupele, alipojua, naye hakutamka. Alikuja kwenye kiti cha bluu kwa sababu kujifanya hujui ni kazi nzito kwa mtoto.

"Mama Subilaga," Gwakisa alisema.

"Hapana. Usimruhusu." Sauti ilikuwa tulivu, ya msichana mkubwa. "Nitamwambia mwenyewe nikimaliza mtihani. Nimeshapanga. Tutakuwa tunapalilia migomba, halafu nitamwambia, mama, mimi najua, nimejua siku nyingi, na wala siendi popote. Atalia. Halafu atanipikia. Akisikia kwa mtu mwingine atadhani nilikuwa namsema."

"Na akikuuliza yeye mwenyewe?"

Hapo sauti ilibadilika. Ikawa nyembamba, ya kidato cha kwanza, yenye makamasi.

"Akiniuliza nitamwambia aliniibia mama yangu. Miaka yote napalilia lile kaburi najua ni la mama mdogo. Kila mwaka. Na yeye amesimama pale pale ananiangalia tu. Sitaki hata anishike."

Gwakisa alifumba macho. Alikuwa ameyasikia maneno yale siku yaliposemwa mara ya kwanza, na alikuwa amemwona Atupele akitoka kwenye hasira ile hatua kwa hatua, mwezi baada ya mwezi, mpaka siku aliyosema kwa kicheko kwamba sasa anamwonea huruma mama yake kwa kushindwa kufunga mdomo kuhusu kila kitu isipokuwa hilo. Lakini mwangwi haukui. Unahifadhi kila alichosema mtoto pamoja, na hasira yake iliyochukua vipindi vingi ina nguvu kuliko msamaha uliochukua vichache. Atupele mwenyewe alijua lipi lilikuja mwisho. Kisanduku hakikujua. Subilaga angeuliza swali lake, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kusema ni Atupele yupi atakayeitikia.

Kulikuwa na njia ya kuyachuja. Angeweza kukaa jioni ile, akaondoa vipindi vya mwanzo, akabakiza msichana wa kidato cha nne, mpole, aliyesamehe. Ingekuwa kazi ndogo. Alifikiria kwa muda mrefu, mkono ukiwa juu ya meza. Kisha aliona kwamba huyo asingekuwa Atupele. Angekuwa mtoto aliyetengenezwa na Gwakisa, ambaye hajawahi kukasirika, na mama yule angempenda kila jioni mpaka uzeeni.

"Mwalimu, bado upo?"

"Nipo."

"Kesho nikija tutaendelea?"

Aliweka kiganja kwenye kisanduku. "Pumzika, Atupele," alisema, na taa ikazimika kabla hajamaliza jina.

*

Ijumaa Subilaga alikuja amevaa gauni la kanisani. Alikuwa amesuka nywele. Gwakisa alipoliona gauni lile, alitamani angekuwa na kazi nyingine.

"Mama Atupele, siwezi kukupa," alisema kabla hajakaa, kwa sababu aliona ni vibaya zaidi kumkalisha kwanza.

Hakupiga kelele. Uso wake ulikaza taratibu, kama wa mtu anayepandisha mzigo kichwani.

"Una watoto, Mwalimu?"

"Ninao wawili."

"Wako hai?"

"Wako hai."

"Basi huelewi unachokikataa."

"Inawezekana sielewi," Gwakisa alisema. "Lakini kuna watoto mia tatu humu waliosema mambo yao kwa sababu niliwaahidi. Na yeye nilimwahidi. Nikikufungulia wewe leo, unayestahili, kesho atakuja asiyestahili na nitakosa mlango wa kufunga. Leo nitaufuta. Nilitaka uwepo, nisifanye kwa kificho."

Subilaga aliketi, si kwenye stuli safari hii. Aliketi kwenye kiti cha bluu, na kilimbana kidogo, maana kilikuwa kimeshazoea mwili mwembamba.

"Nilisema nina neno moja," alisema. "Hata hilo hutaki nimwambie?"

Gwakisa alikuwa amekesha na swali hilo hilo. "Kusema naweza kukuruhusu. Kusikia siwezi. Nitakiwasha, nitafunga sauti ya spika. Atakusikia, kwa jinsi kisanduku kinavyosikia. Taa ikiwaka na kucheza, ujue anajibu. Ila hutasikia anajibu nini. Na mimi sitasikia. Kisha nitafuta."

"Huo ni ukatili, Mwalimu."

"Ndiyo, mama. Ni kikomo cha ninachoweza."

Nje mwalimu wa darasa la jirani alikuwa anafundisha mzunguko wa maji. Mwishowe Subilaga aliitikia kwa kichwa. Mwalimu Kajuni aliitwa, akaweka kiganja chake bila kumtazama Gwakisa, akatoka. Gwakisa alifunga sauti, akafungua mwangwi, akaanza kuelekea mlangoni.

"Kaa," Subilaga alisema. "Ya kwake umeshayasikia. Sikia na yangu."

Taa ya kijani iliwaka. Karibu papo hapo ilicheza, mara moja, fupi. Gwakisa alijua ni salamu.

"Atu," Subilaga alisema. "Ni mimi."

Taa ikacheza.

"Nimelala vibaya. Mbuzi wako amezaa, wawili, mmoja mweusi. Nguo zako nimefua zote, halafu nikalia kwa kuwa nimezifua." Alipangusa pua na kanga. "Nilikuwa na jambo nataka kukwambia. Nilijisemea, ngoja amalize mtihani, nisimvuruge. Nilishapanga siku. Atu, mimi sikukuzaa. Alikuzaa mdogo wangu Lugano, akafa akiwa amekushika. Nilikuchukua mkononi mwake. Nilikuwa sijapata mtoto, na ulinishika kidole, na nikasema moyoni, huyu asijue kamwe, ataniacha. Miaka yote ulikuwa unapalilia kaburi la mama yako na mimi nasimama pale nashindwa kufungua mdomo. Nimekuzika karibu naye. Nimekurudisha. Lakini ningependa kujua kama umenikasirikia."

Taa ilianza kucheza. Ilicheza muda mrefu, ikatulia, ikaanza tena, haraka, kisha taratibu. Mama yule alikuwa ameinama mbele, ameweka mikono yote miwili pembeni ya kisanduku kama anayeshika uso wa mtu, akiangalia mwanga ule unavyowaka na kufifia. Midomo yake ilikuwa inafuata, ikijaribu kuotea maneno.

Kitufe cha sauti kilikuwa karibu na mkono wa Gwakisa. Kukigeuza isingechukua hata pumzi moja. Hakujua kisanduku kilikuwa kinasema nini, hasira au migomba. Alijua kitu kimoja tu, ambacho Atupele halisi alikuwa amekisema kwa mdomo wake halisi, na kilikuwa kimemjaa kifuani mpaka kikamuuma: kwamba anajua, na haendi popote.

Taa ilitulia.

Subilaga aligeuka. Alimtazama Gwakisa moja kwa moja.

"Mwalimu. Alikuwa anajua?"

Akisema ndiyo, amesema. Akisema hapana, amedanganya. Akisema hawezi kusema, amejibu nusu. Alijaribu kufanya uso wake usiwe na kitu, na aliona kwamba hata hilo linaonekana, akageukia dirishani.

"Aliyoyasema humu yatakwenda naye, mama," alisema.

"Ndivyo unavyowajibu wote?"

"Ndivyo ningemjibu yeyote."

Katika darasa la jirani watoto walirudia kwa pamoja jinsi mvuke unavyopanda na kuwa mawingu.

"Kwa hiyo nitakaa hivi hivi," Subilaga alisema.

"Ndiyo, mama."

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama anayekubali bei asiyoweza kuimudu. Aliinamia kisanduku, akasema kitu cha Kinyakyusa, kidogo sana, ambacho Gwakisa alijizuia kusikia. Taa ilicheza mara moja.

"Mzime," alisema.

Gwakisa alimwita Mwalimu Kajuni. Waliweka viganja vyao kwa pamoja. Hapakuwa na mlio wowote. Taa ilififia na haikuwaka tena. Mkuu wa shule alimkumbatia Subilaga, naye alikumbatiwa bila kuinua mikono. Kisha alijinasua, akashuka ngazi bila kuaga.

Gwakisa alikaa sakafuni, mgongo ukiwa ukutani. Kengele ililia. Madarasa yalifunguka na watoto wakamwagika uani, na kupitia dirishani aliwasikia wakikutana na mama yule njiani, mmoja baada ya mwingine, kama walivyofunzwa kumwamkia mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Shikamoo, mama."

Alimwitikia kila mmoja. Sauti yake ilipungua kadiri alivyokaribia lango, lakini hakumruka hata mmoja.

"Marahaba. Marahaba, mwanangu. Marahaba."